"HII NI PICHA YA NINI?"

Na mwanachama wa Kidato cha 3

Najua wengi wenu mkilipata jarida hili huanza na vichekesho, mkaruka hadi vitendawili, halafu mkatafuta ni nani ametajwa kwenye salamu. Ukurasa wa maoni huachwa mpaka siku ile mwalimu hajafika darasani. Si neno. Nakuomba dakika kumi tu, maana jambo lenyewe linakuhusu hata kama hujashika brashi tangu shule ya msingi.

Nataka kuzungumza juu ya ukuta. Ule wa ghala la zamani nyuma ya jikoni, pale tunapopanga foleni saa saba tukingojea githeri. Waliokuwa hapa muhula wa pili mwaka jana wanaukumbuka. Kwa siku nne ukuta ule ulikuwa na rangi. Siku ya tano ukawa mweupe pe. Mimi ni mmoja wa wale saba walioupaka rangi, na ni mmoja wa wale saba waliopewa ndoo ya chokaa waupake tena.

Sikuja hapa kumshtaki mtu. Mgala muue na haki yake mpe: tulikuwa tumeruhusiwa kona moja, sisi tukauchukua ukuta mzima. Lakini kuna swali tuliloulizwa asubuhi ile, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Aliyetujia alisimama, akakunja mikono, akazitazama zile rangi kutoka kushoto hadi kulia, kisha akauliza kwa utaratibu kabisa: "Hii ni picha ya nini?"

Tukanyamaza kama maji ya mtungini. Mwenzetu mmoja akajaribu kutuokoa: "Ni... ni jua, mwalimu." Uongo mtupu! Halikuwa jua. Lilikuwa duara la manjano lililoanza kwa bahati mbaya kopo lilipomwagika, tukalipenda, tukalizungushia zambarau ili lizidi kuwaka. "Kama hata nyinyi hamjui ni nini," tukaambiwa, "basi mnaharibu rangi." Na kweli hatukujua. Tukachukua chokaa.

Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo, nikioga, nikitembea kuja shuleni, hata katikati ya hesabu za logi. Sasa naona swali lenyewe ndilo lililokosea njia. Kuna picha ambazo hazikukusudiwa kufanana na kitu. Huitwa picha za dhahania. Na namna ya kuzitengeneza, hasa kwa sisi wanafunzi, ni kucheza. Nasema kucheza kule kwa kweli, kwa mikono michafu, bila kujua mwisho utakuwaje. Naamini mchezo huo ungepewa nafasi shuleni, hata kipindi kimoja tu kwa wiki kisicho na alama, wengi wetu tusingeliacha somo la Sanaa.

Wacha nieleze nilivyofika hapa, maana mimi sijui kuchora. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Katika kidato cha kwanza tuliwekewa mezani chupa, chungu na embe. Embe langu lilifanana na kiazi kilichokaa sana gunianini, na chupa ilikuwa imelewa. Nikapata 6 kati ya 20. Mara ya pili 7. Mara ya tatu 6 tena. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, baba aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliniuma: "Mama, kama mwalimu mwenyewe anakupa sita, hiyo rangi utaila?" Sikuwa na jibu. Nililichagua somo la Sanaa kwa ukaidi tu, na kwa siku kadhaa nilijuta.

Tuko saba darasani. Tetesi zinazozunguka ni kwamba sisi ndio wa mwisho, na chumba cha Sanaa kitakuwa stoo ya vitabu. Kama ni kweli au si kweli mimi sijui, lakini rafu mbili zimekwisha letwa.

Sasa, Ijumaa moja, vipindi viwili vya mwisho, mwalimu wetu wa Sanaa aliingia bila chupa. Akamwaga mezani vitu ambavyo ungedhani vinapelekwa shimoni: katoni za sabuni zilizokatwa, kitana kilichong'oka meno, kipande cha godoro kuukuu, uzi wa gunia, vipande vya mshumaa. Kando yake akaweka makopo ya rangi za poda na maji. "Leo hakuna chupa," akasema. "Hakuna alama pia. Chezeni." Akaketi zake akafungua gazeti.

Jamani, kucheza ni kazi! Mtu wa miaka 16 aliyezoea kusahihishwa tangu chekechea, ukimwambia acheze anaganda. Dakika kumi za kwanza sote saba tulichora nyumba, mti na jua pembeni, kama watoto wa nasari. Mwalimu alipita, akaitazama nyumba yangu, akaishika katoni akaigeuza juu chini. "Endelea kutoka hapo," akasema, akaenda zake.

Nyumba haikuwa nyumba tena. Paa lilikuwa pembetatu nyekundu iliyoelekeza ncha chini, kama inayotaka kudondoka. Nikahisi, wala sijui kwa nini, kwamba lazima kuwe na kitu cha kuidaka. Nikaweka buluu nzito chini yake. Ikatulia. Kisha buluu ikawa nzito mno, nikaipasua kwa kitana, mistari ikatokea kama shamba lililolimwa kwa trekta. Kengele ilipolia sikuisikia. Mimi, ambaye husikia kengele ya kwenda nyumbani kabla haijapigwa!

Nitakuambia mambo machache tuliyoyagundua, ujaribu mwenyewe. Chora mistari kwa mshumaa juu ya karatasi, kisha upitishe rangi ya majimaji. Penye nta rangi inakataa kushika, na mistari uliyokuwa huioni inajitokeza kama imefufuka. Chovya uzi kwenye rangi, uulaze ndani ya karatasi iliyokunjwa, ubane kwa kiganja na kuuvuta. Ukifungua utakuta mabawa. Ya ndege gani? Hakuna ndege.

Na usichanganye kila kitu kikiwa kibichi. Mimi nilimwaga nyekundu, kijani, zambarau na machungwa pahali pamoja kwa tamaa. Kufumba na kufumbua, nikapata rangi kamili ya chai ya shule. Mwalimu aliona, hakusema neno. Katoni iliyofuata niliacha nyekundu ikauke kwanza ndipo nikaleta kijani ubavuni mwake. Lo! Zile rangi mbili zilianza kupiga kelele, na mpaka kati yao ukawa kama unatikisika. Fanya hivi sasa hivi: kikodolee macho kitu chekundu kwa nusu dakika, kisha hamisha macho kwenye karatasi nyeupe. Utaona kivuli chenye rangi ya kijani-buluu ambacho hakipo. Ile sehemu ya jicho inayopokea nyekundu imechoka, kwa hivyo jicho linakuonyesha kinyume chake. Jambo hili nililikariri katika kidato cha kwanza chini ya kichwa "rangi zinazokamilishana", nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama mbili, wala sikuwa nimelielewa. Ijumaa ile nililielewa kwa macho yangu.

Hapo ndipo wazo la ukuta lilipozaliwa. Mengine mnayajua.

Baada ya chokaa, kwa hasira, nilikwenda maktaba ya mjini kutafuta kama kuna watu wazima wenye akili timamu waliowahi kufanya upuzi kama wetu. Wapo tele. Nitawataja watatu walionipendeza.

Wa kwanza ni Wassily Kandinsky, Mrusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1866. Huyu alisomea sheria na uchumi, akapewa nafasi ya kufundisha chuo kikuu, naye akiwa na miaka 30 akaiacha akaenda Munich kule Ujerumani kujifunza kuchora. (Baba, kama unasoma hapa, shikamoo.) Yeye mwenyewe alisimulia mwaka 1913 kwamba jioni moja, giza likianza kuingia, alifungua chumba chake cha kazi akaona picha nzuri ajabu imeegemea ukutani. Haikuwa na kitu alichokitambua, ni maumbo na rangi tu. Aliposogea akagundua, kumbe ni picha yake mwenyewe imewekwa kwa ubavu! Kesho yake mchana alijaribu kuiona tena vile akashindwa, kwa sababu kila mara alivitambua vitu vilivyochorwa. Akakata shauri kwamba vitu ndivyo vinavyoziharibu picha zake. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani, nikikumbuka nyumba yangu ilivyopinduliwa.

Lakini msidhani alikuwa anabahatisha. Mwaka huohuo wa 1913 alichora picha kubwa ya mita 2 kwa 3 inayoitwa Composition VII. Aliimaliza kwa siku nne, muda uleule ukuta wetu ulioishi. Tofauti ni kwamba kabla ya siku hizo nne alikuwa amefanya michoro ya majaribio zaidi ya 30. Huo ndio mchezo ninaousema. Sisi tulipaka ukuta baada ya Ijumaa tatu tu, na kusema kweli upande wa kulia ulikuwa mbaya.

Wa pili ni Helen Frankenthaler wa New York. Mwaka 1952, akiwa na miaka 23, alitandika turubai sakafuni, turubai kavu lisilopakwa kitu cha kulikinga, akazimua rangi ya mafuta kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi, akaimimina. Rangi ikanywewa na kitambaa kama chai inavyonywewa na kitambaa cha meza. Picha hiyo inaitwa Mountains and Sea, ingawa milima na bahari utaitafuta sana. Mwaka uliofuata wachoraji wawili kutoka Washington, Morris Louis na Kenneth Noland, walikwenda kuitazama, wakarudi kwao wakabadilisha kabisa namna yao ya kuchora. Msichana wa miaka 23 na ndoo yake!

Wa tatu ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu alikuwa mwalimu. Alma Thomas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1891, alifundisha Sanaa katika shule moja ya Washington kwa miaka 35 hadi alipostaafu mwaka 1960. Picha zilizompa jina alizichora baada ya kustaafu, mikono yake ikisumbuliwa na baridi yabisi. Alikuwa akitazama mwanga unavyopenya kwenye majani ya mti uliokuwa mbele ya nyumba yake, kisha anaweka vipande vidogo vidogo vya rangi safu kwa safu, au mviringo ndani ya mviringo, kama shanga. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, alifanya maonyesho yake katika jumba la Whitney huko New York, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake pale. Picha yake Resurrection ya mwaka 1966 ilinunuliwa kwa ajili ya Ikulu ya Marekani. Nikiwaza kwamba kwa miaka 35 pengine naye alikuwa akipanga chupa mezani, namtazama mwalimu wetu na gazeti lake kwa macho mengine.

Sasa nasikia mtu kule nyuma akisema, "Lakini hata nyani anaweza kufanya hivyo!" Rafiki yangu wa 3 Magharibi aliniambia hivyo hivyo. Kwa bahati mbaya, jambo hilo lilijaribiwa. Katika miaka ya hamsini kulikuwa na sokwe mmoja London, jina lake Congo, aliyepewa brashi na mtaalamu wa wanyama Desmond Morris. Sokwe huyo alichora picha karibu 400, zikafanyiwa maonyesho mwaka 1957, na mwaka 2005 tatu kati yake ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 14,000. Kwa hivyo ndiyo, ndugu yangu, sokwe anaweza. Lakini huyo sokwe, mwenye kumfuga ameeleza, alikuwa akikasirika akinyang'anywa picha kabla hajaimaliza. Nami nauliza: ni mwanafunzi gani wa shule yetu anayekasirika akinyang'anywa zoezi la kuchora chupa?

Tena, mbona swali hili la "picha ya nini" huulizwa ukutani tu? Mama yangu anauza leso sokoni. Kila leso ina pindo, ina mji katikati, ina jina. Huo mji wakati mwingine huwa embe au korosho, lakini mara nyingi ni madoa, mawimbi, duara ndani ya duara, rangi tatu zinazogombana. Nimekaa kibandani Jumamosi nyingi, sijamsikia mnunuzi hata mmoja akiuliza mji ule ni picha ya nini. Wanaitandaza, wanarudi hatua moja nyuma, wanasema, "Hii inaniita," au, "Hii imepoa." Wanasoma jina, wanapatana bei, wanaondoka. Kiondo ni vivyo hivyo, na ukosi wa shanga wa Mmaasai ni vivyo hivyo. Macho yetu yanajua dhahania tangu tukiwa tumebebwa mgongoni. Tukifika darasani ndipo tunajifanya hatuelewi.

Wala si jambo la wageni hata kwa wachoraji wetu. Mwaka 1965 Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania mwaka 1932, pamoja na wenzake walianzisha kituo cha sanaa Nairobi, wakakiita Paa ya Paa. (Wanachama wa Kiswahili, furahini: huyo paa ni mnyama na anapaa.) Njau anajulikana kwa msemo wake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Mwalimu alipotuambia msemo huo, darasa zima liligeuka kulitazama lile embe la plastiki lililokaa mezani tangu kabla hatujazaliwa.

Mdogo wangu yuko gredi ya tano. Wao wana Sanaa Bunifu, na anarudi nyumbani na rangi hadi masikioni, tena anapongezwa. Sisi tulioangukia upande wa 8-4-4 tunaambiwa mtihani uko mbele. Ni kweli, mtihani uko, na kuna kuchora vitu kama vilivyo. Sipingi chupa. Ila sikilizeni kilichonitokea. Muhula huu embe lilirudi mezani. Nilipolitazama, kwa mara ya kwanza niliona kwamba si la manjano. Lina kijani begani, wekundu pale jua lilipolipiga, na kivulini kuna zambarau kidogo. Nilikuwa nimezijua rangi zile kutoka kwenye katoni zangu, nikajua zinavyokaa pamoja. Nikapata 11. Sijawa msanii, lakini 6 na 11 si ndugu. Baba aliiangalia ile karatasi muda mrefu, kisha akaibandika karibu na kalenda. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema.

Nikiri na upande wa pili, nisije nikaonekana ninauza dawa. Mchezo huu unachafua. Unakula rangi, na rangi ni pesa. Tisa katika kila kumi za katoni zangu zimewasha moto jikoni, na zilistahili. Kuna wenzangu wawili waliotumia vile vipindi kurushiana maji, nao wamejifunza kurushiana maji. Na anayesema picha za dhahania zote ni nzuri kwa kuwa hazina makosa, anadanganya. Ule upande wa kulia wa ukuta wetu ulikuwa na makosa. Tulijaza rangi kila mahali kwa kuogopa nafasi tupu, jicho likakosa pa kupumzika. Tulilijua siku ya tatu, tukapanga kuurekebisha siku ya tano.

Mpishi wetu aliniambia wiki iliyopita, akinipakulia, "Ule ukuta wenu ulikuwa unanichangamsha nikikoroga ugali. Huu mweupe unaniumiza macho." Nikamuuliza kama aliwahi kujiuliza ni picha ya nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza githeri ni picha ya nini.

Safari hii tumeandika barua rasmi, sote saba, kwa Kiswahili sanifu, ikiwa na anwani na "YAH:" kama tulivyofundishwa. Tumeomba ukuta ule mmoja, kuanzia mlangoni hadi kwenye bomba, na kipindi cha Ijumaa kisicho na alama, wazi kwa mwanafunzi yeyote wa kidato chochote hata kama hasomi Sanaa. Rangi tutachanga. Katoni tumeanza kukusanya, kwa hivyo kama kwenu kuna duka usitupe. Tutafanya majaribio thelathini kabla ya kugusa ukuta, tumeahidi kwa maandishi, na majaribio hayo yatabandikwa chumbani mwetu, kwenye zile rafu, kama bado zitakuwa tupu.

Barua iko ofisini tangu Jumatatu. Wakati huo huo, ukienda kupanga foleni leo, tazama karibu na bomba. Mvua imeanza kuibandua chokaa, na ile nyekundu yetu inachungulia.